Kunguru Anaijua Ratiba Yetu

Kama unanisikiliza ukiwa pwani, popote kati ya Mtwara na Lamu, huyu ninayetaka kumzungumzia leo huna haja ya kwenda kumtafuta. Yumkini yuko juu ya bati lako sasa hivi, au kwenye mwarobaini wa jirani, na nusu ya maneno yangu unayakosa kwa kelele zake. Ni yule kunguru mwembamba, mweusi wa kumeremeta, mwenye shingo ya kijivu. Dar es Salaam wengi humwita kunguru wa Zanzibar. Wazanzibari hujibu kwamba yule si wao, ni kunguru wa Bara Hindi. Mombasa wanamwita kurabu. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, na yeye anakula kwa wote.

Maneno ninayoyasikia juu yake karibu yote ni ya hasira. Mama wa nyumbani amepoteza vifaranga. Mwenye hoteli ya ufukweni anaona mgeni akinyang'anywa mkate mezani. Wahifadhi wanalalamika kwamba ndege wa asili wanatoweka bustanini. Wote wana haki yao. Ila hasira ina tabia ya kumpofusha mtu, na ukimchukia ndege kwa miaka 30 bila kumwangalia hata siku moja, utapigana naye miaka mingine 30 na hutamweza. Kwa hiyo naomba leo tumwangalie kwanza. Matusi yapo tu, hayaozi.

Tuanzie soko la samaki la Feri, pale Kivukoni, Dar es Salaam, alfajiri. Mashua zimeingia, mnada umeanza, watu wamebanana. Kunguru hawahangaiki na mnada. Mnadani kuna samaki wazima, wakubwa, wenye wenyewe. Kunguru wamejipanga upande wa vijana wanaopara samaki, kwa sababu wanajua huko ndiko matumbo na mashavu yatakakotupwa. Saa moja baadaye kazi ile ikipungua, nao wanapungua. Ukitaka kujua wamekwenda wapi, fuata tumbo lako mwenyewe. Saa nne wako kwenye uwanja wa shule, kengele ya mapumziko inapolia na watoto wanapodondosha mihogo na maandazi. Mchana wako nyuma ya kibanda cha mama ntilie, pale anapomwagia maji ya kuoshea sahani. Jioni, buchani. Jua likizama wanapita juu yetu makundi kwa makundi kuelekea kwenye miti wanayolala pamoja, mamia na pengine maelfu, na huko hugombania matawi kwa zogo mpaka giza liwe giza kweli.

Ndege huyu anaijua ratiba ya mji kuliko halmashauri. Gari la taka likichelewa siku tatu, sisi tunanung'unika. Yeye alishajua tangu siku ya kwanza, na ameshawaita wenzake.

Sasa twende ufukweni Unguja, wanakoanikwa dagaa. Dagaa wamechemshwa kwa chumvi, wamemwagwa juu ya mikeka na nyavu wakauke, na mwanamke amekaa kwenye kivuli na ufito mkononi. Kunguru mmoja anatua mbele yake, mbali kidogo. Haendi moja kwa moja kwenye dagaa. Anatembea upandeupande, hatua mbili mbele, moja nyuma, anatazama pembeni utadhani ana shughuli zake nyingine kabisa. Mwanamke anamkazia macho. Anainua ufito. Kunguru anaruka, anatua hatua tatu nyuma, anaanza upya. Wakati wote huo, nyuma ya mgongo wa yule mama, wenzake wawili wanajaza midomo. Ukitaka kuyaona hayo bila kwenda Unguja, mtazame paka wako siku akipata kichwa cha samaki uani. Kunguru mmoja humwendea kwa nyuma na kumvuta mkia. Paka akigeuka kumrarua, kichwa cha samaki kimekwenda na kunguru wa pili. Mimi siwezi kusema kama huwa wanagawana baadaye. Nina shaka.

Na kuna jambo la ukoko. Pakua wali, toa ukoko mgumu ule usiotafunika, utupe uani. Kunguru atauchukua, na kama ni mkavu mno hatahangaika kuugonga. Atautafutia maji: bakuli la kuku, kidimbwi chini ya bomba, hata ndoo uliyoacha wazi. Atautumbukiza, atausubiri ulainike, kisha atakula. Hilo ndilo linalowaudhi watu wengi kuliko wizi, kwamba ananyea na kuchafua maji ya kuku; na kweli si jambo dogo, maana ndege anayeshinda jalalani asubuhi na kwenye chombo chako mchana anaweza kubeba vimelea vya kuhara, na wafugaji wana sababu ya kumwogopa kipindi cha mdondo. Lakini tuseme ukweli: kiumbe anayejua kwamba chakula kigumu kinalainishwa kwa maji, na akavumilia kungoja, hana akili ya ndege wa kawaida.

Na jamii yake yote ndivyo ilivyo. Huko Marekani, mjini Seattle, mwanasayansi John Marzluff wa Chuo Kikuu cha Washington alifanya jambo la kuchekesha mwaka 2006. Yeye na wenzake walivaa kinyago cha mtu wa mapangoni, wakakamata kunguru kadhaa wa pale chuoni, wakawavika pete miguuni, wakawaachia bila kuwadhuru. Baada ya hapo kila aliyekivaa kile kinyago na kupita uwanjani alizomewa. Awe mwanamume au mwanamke, mfupi au mrefu, kunguru hawakujali. Walichokumbuka ni ule uso. Zaidi ya hapo, walijiunga kuzomea hata kunguru ambao hawakukamatwa, na wengine waliozaliwa baadaye kabisa. Chuki ile iliendelea kwa miaka mingi. Kinyago cha pili, cha kulinganishia, kilikuwa na sura ya Dick Cheney, makamu wa rais wa Marekani wakati huo. Aliyevaa hicho alipita salama. Pengine ilikuwa mara moja ya nadra miaka ile bwana yule kupita mahali bila kuzomewa.

Ulaya nako kuna binamu ya kunguru, ndege mweusi na mweupe mwenye mkia mrefu, anaitwa magipai. Huyu Wazungu wamemsingizia wizi kwa karne nyingi. Wanasema anaiba pete, vijiko, kila kinachong'aa. Rossini mwaka 1817 alimtungia opera nzima ambamo mtumishi wa watu anaponea chupuchupu adhabu ya kifo kwa kijiko alichoiba ndege. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwawekea ndege hao vitu vinavyong'aa karibu na chakula, wakaona wanaviogopa. Hawaviibi, wanavikwepa. Lakini akili wanayo: mwaka 2008 watafiti nchini Ujerumani waliwabandika magipai alama ya rangi chini ya kidevu, mahali wasipoweza kupaona, wakawawekea kioo. Baadhi yao walitazama kioo, kisha wakaanza kuikuna ile alama mwilini mwao wenyewe. Waliitambua sura iliyo kwenye kioo kuwa ni yao. Wanyama wanaofaulu mtihani huo ni wachache mno duniani, na mbwa tunayemsifu kila siku hayumo.

Kwa hiyo ukisikia kijana wa hotelini anayelipwa kuwafukuza kunguru kwa manati akilalamika kwamba wanaondoka akitokeza tu mlangoni, kisha wanarudi akiingia jikoni kunywa chai, usimcheke. Wanamjua. Mgeni mwenye kofia na kamera hawamwogopi hata kidogo. Ila inama chini kana kwamba unaokota jiwe, hata kama hapana jiwe, uone. Wazee walisema kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na huyu huukimbiza mapema kweli, umbali wa jiwe na hatua mbili za ziada. Woga huo ndio uliomfikisha alipofika.

Na amefikaje? Hapa, msikilizaji, ndipo kisa kinapotugeukia sisi.

Mji Mkongwe wa Zanzibar katika karne ya 19 ulikuwa tajiri na ulikuwa unanuka. Livingstone alipita hapo mwaka 1866 na hakuvumilia uvundo wa ufukweni, ambako taka zote za mji zilitupwa zikingoja maji kujaa. Kipindupindu kilikuwa kimeshapita na kitapita tena, na mlipuko wa mwaka 1869 na 1870 uliua maelfu ya watu. Miaka ya mwanzo ya 1890 Waingereza wakashika uongozi, wakatafuta dawa ya taka. Wangeweza kujenga mifereji. Wangeweza kuajiri watu na mikokoteni. Wakaagiza kunguru kutoka Bara Hindi. Simulizi inayorudiwa zaidi humtaja Gerald Portal, mwakilishi wa Uingereza pale Unguja, kwamba ndiye aliyewaleta wasafishe mji. Kazi waliyopewa waliifanya, na hawajaiacha hadi leo. Lakini miaka 30 haikutimia kabla wakubwa hao hao hawajaanza kuwaona kuwa ni wasumbufu wa kupunguzwa.

Kunguru mwenyewe kwao ni India, Pakistan, Sri Lanka na nchi za jirani, na jambo la ajabu ni kwamba hata huko hajulikani kuishi porini, mbali na watu. Hana msitu wake. Maisha yake ni pembeni ya binadamu, kama nzi na panya. Ndiyo maana hupenda meli. Amesafiri na meli hadi Aden, Port Sudan, Durban, mpaka Australia. Mwaka 1947 alionekana Mombasa. Baada ya hapo ikawa kila mji wa pwani una wake, Tanga, Dar es Salaam, Malindi, Watamu, na siku hizi anapanda bara polepole akifuata barabara kuu, kwa sababu kando ya barabara kuu kuna stendi, na penye stendi kuna chipsi na mifuko. Morogoro ameshazoeleka. Kenya wamemwona akipanda barabara ya Mombasa kuelekea Nairobi, na hilo ndilo lililowashtua wakubwa.

Madhara yake si ya kusingiziwa. Chozi, shore, mnana, tetere, hao wote hutaga bustanini na kwenye vichaka vya mjini, na kunguru hukagua viota vyao mti kwa mti, asubuhi hadi jioni. Anachukua mayai, anachukua makinda. Mwewe akipita anamwandama hewani mpaka ahame mtaa. Yupo pia kunguru wetu wa asili, mkubwa zaidi, mwenye kisibau cheupe kifuani. Hata yeye amesukumwa pembeni ya miji aliyokuwa akiimiliki. Watoto wengi wa Dar es Salaam wakichora kunguru shuleni wanamchora mweusi mtupu. Bibi zao wangemchora na kisibau.

Basi vita vimepiganwa. Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilifanya kampeni ya mitego na sumu. Kunguru wakapungua sana, watu wakaona kwa macho. Kampeni ikaisha fedha zilipoisha. Kunguru wakarudi. Bara nako kampeni zimekuja na kupita. Kenya ilitumia sumu, ikaacha, na mwaka 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya likatangaza kwamba litawaua kunguru 1,000,000 kabla mwaka kwisha, na sumu ikaruhusiwa kuingizwa tena.

Sumu yenyewe ni ya Marekani, inaitwa Starlicide, na kazi yake inafaa kuelezwa kwa sababu watu wamezushiana mengi. Haimwangushi ndege palepale. Kwanza kunguru hulishwa nyama safi mahali pamoja kwa siku kadhaa, karibu na machinjio au jalala, wazoee. Wakishazoea, nyama ya siku moja inatiwa sumu. Wanakula, wanaruka, wanakwenda kulala kwenye miti yao, na wanakufa baada ya saa nyingi, mara nyingi usiku au kesho yake. Sababu ya ucheleweshaji huo ni hii tunayoizungumza tangu mwanzo: wangeanguka palepale, waliobaki wangeelewa, na nyama ile isingeguswa tena. Hata muuaji wake imebidi aipigie hesabu kumbukumbu yake.

Mimi sipingi kuwapunguza. Naomba nieleweke hapo, maana kuna wasikilizaji watakaonipigia simu. Anayesema tuwaache wote kwa jina la huruma ajibu kwanza kuhusu makinda ya chozi. Ninachokipinga ni ile hesabu ya 1,000,000. Kunguru aliyekufa anahesabika. Anapigwa picha, anawekwa kwenye ripoti, waziri anasoma tarakimu. Tani za taka ambazo hazikuzolewa hazipigwi picha na waziri. Kwa hiyo tunahesabu kile kinachohesabika na kuacha kile kinachowazaa. Ua nusu ya kunguru wa mji mmoja leo, halafu liache jalala kama lilivyo. Ile nusu iliyobaki imepata nini? Imepata chakula mara mbili, miti ya kutagia bila ugomvi, na makinda yanayokua bila njaa. Jike hutaga mayai matatu hadi matano. Miaka michache tu, na wewe unaomba bajeti nyingine ya sumu.

Sasa linganisha na Uholanzi. Mwaka 1994 kunguru wawili wa jamii hii hii walionekana kwenye mji wa bandari wa Hoek van Holland, bila shaka walishuka melini. Wakazaliana, polepole, hadi wakafika kama 30. Ndege 30 tu, nchi nzima! Kukawa na mabishano, wapo wakazi waliowapenda, jambo likafika mahakamani, lakini mwishowe serikali ikaruhusiwa kuwaondoa, na kuanzia mwaka 2014 ikawaondoa mmoja mmoja. Mahali kama hapo bunduki na sumu zina maana, kwa sababu bado wanahesabika.

Ndiyo maana naona tunatumia nguvu zetu kinyume. Mahali ambako kunguru ndio kwanza wanaingia, kwenye miji ya bara iliyo kando ya barabara kuu na reli, pale wanapoonekana jozi mbili tatu kwenye stendi, ndipo penye haraka. Watu wawili wenye tundu la wavu na subira wanatosha, lile tundu kubwa lenye mdomo juu kama mgono wa samaki, ambalo ndege anaingia akimfuata mwenzake aliye ndani na kutoka asiweze. Lakini huko bara nani anashtuka kwa kunguru wawili? Tunasubiri wawe 20,000 ndipo tuunde kamati. Na hapa pwani, ambako wako maelfu kwa maelfu, tunaanza na sumu wakati tungeanza na machinjio, soko la samaki na jalala. Matumbo ya ng'ombe yafukiwe au yafunikwe siku ile ile. Meza za kuparia samaki zioshwe kabla jua halijawa kali. Gari la taka lipite kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya kunguru kuamka, si saa nne akiwa ameshafungua mifuko yote ya mtaa na kuitandaza barabarani. Hayo yakishafanyika, sumu itapata kazi ndogo, na hiyo kazi itadumu.

Lakini huku tukisubiri halmashauri, bado tuna jirani juu ya bati. Nimalizie na huyo, ila nipitie kwanza kwa watu waliojifunza kuishi na jirani wa namna hiyo.

Australia kuna ndege naye anaitwa magipai, ingawa si ndugu wa yule wa Ulaya wala wa kunguru. Walowezi walimpa jina hilo kwa sababu ya rangi zake nyeusi na nyeupe. Kila mwaka kwenye majira yao ya kuchipua, mwezi Septemba hivi, dume wa ndege huyu hulinda makinda kwa kumshukia mpita njia kutokea nyuma na kumgonga kichwani. Watu hupasuka ngozi, waendesha baiskeli huanguka. Watafiti wa huko, akiwemo Darryl Jones wa Chuo Kikuu cha Griffith, walipofuatilia waligundua kwamba madume wanaoshambulia ni wachache, kama mmoja katika kumi, na kila mmoja ana wateja wake: huyu ni wa baiskeli tu, yule ni wa mleta barua, mwingine ana ugomvi na mtu mmoja maalumu wa mtaa ule na wengine wote anawaacha. Maana magipai huyo hukaa eneo moja miaka mingi na anawajua majirani kwa sura. Waaustralia wamejifunza kuishi naye. Sheria inamlinda. Manispaa huweka vibao vya kuonya, watu huchora macho nyuma ya kofia, wenye baiskeli huchomeka vijiti vya plastiki kwenye helmeti, na aliye na akili zaidi hubadilisha njia kwa wiki sita hadi makinda yaruke.

Wetu naye anayo tabia hiyo, kwa kiasi chake. Kinda la kunguru hutoka kwenye kiota kabla halijajua kuruka sawasawa. Utalikuta uani, limejibanza nyuma ya mtungi, mdomo mwekundu ndani, macho yamelitoka. Halijaumia wala halijatupwa. Wazazi wako juu wanalitazama, na wanakutazama wewe. Ukilishika, hata kwa nia njema, umejiandikia. Utapigiwa kelele siku hiyo, kesho, na keshokutwa ukienda dukani, na kwa yale tuliyosema ya Seattle, usitegemee watasahau upesi. Kwa hiyo wafungie watoto na mbwa, liache, litajiondokea ndani ya siku chache.

Kama hutaki wazaliane kwenye mwembe wako, kazi hiyo ina wakati wake, nao ni pale wanapoanza kubeba vijiti. Kiota chao utakitambua: nusu yake ni vijiti, nusu ni waya, vibanio vya nguo, hata henga kamili iliyochomolewa kwenye kamba yako. Kikiangushwa kikiwa kitupu watajenga tena, nawe utakiangusha tena, na mara ya tatu au ya nne watahamia kwa mtu mwenye uvivu zaidi. Kikiwa juu ya nguzo ya umeme usikiguse, waite wenye nyaya zao. Maji ya kuku yafunikwe kwa wavu ambao mdomo wa kuku unapita na bawa la kunguru halipiti. Vifaranga wawe ndani ya tenga mpaka waote manyoya ya mgongoni. Ukoko mpe mbuzi. Na kama tayari wana makinda, na njia yako ya kwenda kazini inapita chini ya mti huo, beba mwavuli hata kama hakuna mvua, uushike juu na nyuma kidogo, kwa sababu kunguru hashambulii kutoka mbele. Majirani watakucheka wiki ya kwanza. Wiki ya pili nao watakuwa na miavuli.